Kwa Doctor Doom, mimi huangalia mkono kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kati ya wachoraji wote waliomchora Doctor Doom, yule adui wa katuni za Marvel, ni yupi aliyemtendea haki kuliko wengine? Kwangu ni Jack Kirby, na sioni kwa nini pawe na mjadala mrefu. Yeye na mwandishi Stan Lee ndio waliomleta katika toleo la 5 la mfululizo wa katuni wa Fantastic Four, mwaka 1962, na tangu siku hiyo alikuwa na barakoa ya chuma, joho la kijani na ule ujeuri wa mtu asiyewahi kuomba samahani. Waliofuata waliikuta nyumba imeshajengwa.

Ila mimi naona swali lenyewe lingekuwa: nani amejua kuuficha uso wa Doom? Maadui wengine mchoraji huwapa meno, kicheko, jicho la chongo. Joker, adui wa Batman, ukimwondolea kile kicheko, amebaki nani? Doom hana hata shavu la kutikisika. Ana matundu mawili ya macho na mdomo wa chuma, basi, na kwa hivyo viwili mchoraji atuonyeshe hasira, majivuno na uchungu. Kirby alilitambua hilo mapema. Katika toleo la 10, la mwaka 1963, Doom anaingia ofisini kwa Lee na Kirby wenyewe, anainua barakoa, nao wanatishika. Wao wameuona uso. Sisi tuliolipia kitabu hatukuuona. Kirby alijiweka kuwa shahidi wa kitu ambacho hakukusudia kutuonyesha.

Mimi niliyajua haya kwa mjomba wangu, aliyekuwa mchora mabango pale Tanga. Miaka ya tisini mwenye kibanda kimoja cha video alimtaka amchoree ukutani adui wa kutisha, maana stelingi kila kibanda kilikuwa nao. Jirani yetu baharia alikuwa amerudi na vitabu vya katuni, kimojawapo hakina jalada, ndani yake Doom wa Kirby. Mjomba akakichukua. Akapaka ukuta chokaa, akaacha ukauke, akachora mistari kwa mkaa, kisha akaanza na uso, kama alivyozoea kuanza na mtu yeyote. Kwa kuwa alitaka Doom aonekane amekasirika, aliikunja ile nyusi ya chuma ikashuka hadi puani, na mdomo akaupindisha. Tulikuwa watoto wengi tumesimama nyuma yake. Hakuna aliyeogopa. Mdogo kuliko wote aliuliza kama yule mzee anaumwa jino.

Mjomba hakujibu. Alichukua kitambaa na tepentaini akafuta uso wote, akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, akakifungua kitabu magotini. Alikitazama muda mrefu sana. Mwenye kibanda alikuja, akaona ukuta una mtu asiye na kichwa, akalalamika, akaondoka. Mjomba akaniita, akaniwekea kidole kwenye ukurasa. "Anko, tazama. Chuma hakijakunjwa hapa. Tazama mkono." Kweli, barakoa ilikuwa imetulia kabisa. Hasira yote ilikuwa kwenye mkono ule wa deraya, vidole vinene vimetanuka, unatoka nje ya ukurasa kumfuata msomaji. Kichwa kimeinama kidogo tu, ili macho yatazame kutokea chini ya kofia ya joho.

Akachora upya. Uso aliupaka kijivu, akaupa mstari mmoja wa mwanga, akaacha. Mkono ndio alioukalia hadi giza likaingia, akamalizia kwa mwanga wa karabai. Baada ya hapo watoto wa mtaa ule walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Mpaka leo mtu akinionyesha Doom wake, natazama mkono kwanza.

Ndiyo maana wengi wa siku hizi hawanigusi. Esad Ribić, mwaka 2015, alimvika joho jeupe akamfanya mungu mfalme. Picha zinapendeza, lakini ule si mkono wa kukufuata. John Byrne, aliyeandika na kuchora Fantastic Four baadaye, ana heshima yake. Kirby aliwahi kueleza kwamba yeye alimwazia Doom mwenye kovu dogo tu, na kwamba ni majivuno yaliyomfanya aufiche uso. Hadithi ya mwaka 1964 nayo ilionyesha barakoa ikivaliwa kabla haijapoa. Mwaka 1985 Byrne aliyaunganisha: kovu lilikuwa dogo, kilichouharibu uso ni chuma cha moto alichojivika mwenyewe. Sijaona maelezo bora kuhusu mtu huyu.

Lakini nikiendelea kuandika namkumbuka mchoraji Mike Mignola, na hapa msimamo wangu unalegea. Katika kitabu cha mwaka 1989 alichoandika Roger Stern, Doom anamchukua mchawi Doctor Strange hadi kuzimu kwa Mephisto, yule shetani, kuikomboa roho ya mama yake Doom. Anafanikiwa kwa hila, kwa kuonekana ameiuza roho ya Strange, na mama anamkataa mwanawe palepale. Kwa kumkataa huko mama anaokoka. Doom alilijua hilo tangu mwanzo. Kwa Mignola mkono hautishi tena, na nusu ya barakoa imezama kwenye weusi. Uso hatuuoni, na mimi kwa mara ya kwanza sikutaka kuuona, kwa huruma. Sikumbuki kumhurumia Doom wa Kirby.

Basi kura yangu mpeni Mignola, kwa kitabu hicho kimoja tu. Mkisema mshindi ahesabiwe kwa kazi ya miaka mingi, irudisheni kwa Kirby, maana hata weusi wa Mignola umelala juu ya deraya aliyoichora yeye.