Maswali na Majibu: Kipigo kimekoma, hofu haijaondoka

Swali: Mume wangu hajanipiga tangu mwaka jana, lakini bado nashtuka mlango ukifunguliwa, sipati usingizi na nasahau mambo madogo. Ndugu wanasema nimerogwa. Je, ninarukwa na akili? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: La, dada yangu, hurukwi na akili. Mwili uliozoea kusikiliza hatua za mtu anayerudi nyumbani, ili ujue amekuja na hali gani, hauachi tahadhari hiyo kwa sababu tu kipigo kimekoma. Moyo huendelea kwenda mbio, usingizi hukatika, na akili iliyo macho saa zote hubakiwa na nafasi ndogo ya kukumbuka mengine. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, karibu mara mbili zaidi ya wasiofanyiwa. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, na umweleze chanzo chenyewe, kwani ukitaja kukosa usingizi tu unaweza kurudi na vidonge vya usingizi bila kutibiwa kinachokusumbua. Ndugu wakitaka kukuombea, wakuombee. Dua haizuii tiba. Naomba pia ujiulize kwa utulivu: matusi, vitisho, kunyimwa pesa na kupekuliwa simu navyo vimekoma? Kama havijakoma, hofu yako haina kasoro yoyote, kwa maana hatari bado ipo.

Swali: Mdogo wangu amerudi tena kwa mume anayempiga. Nimechoka, nikamwambia asinitafute. Nimekosea? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Uchovu wako una sababu, lakini tafadhali mpigie leo na uifute kauli hiyo. Anayemtesa mke hujitahidi kumtenga na ndugu zake, na kauli yako imemsaidia bila wewe kukusudia. Huenda mdogo wako anarudi kwa ajili ya watoto, kwa kukosa kodi ya chumba, kwa mahari ambayo nyumbani hawawezi kuirudisha, au kwa kuogopa kuuawa, na hofu hiyo isipuuzwe, kwani wakati wa kuondoka ndio ambao mara nyingi huwa wa hatari zaidi. Msikilize bila kumhoji kwa nini alirudi. Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Kisha pangeni pamoja: vitambulisho, vyeti vya watoto na nauli vikae kwako, na awe na jirani wa kumkimbilia usiku. Uamuzi wa kuondoka mwachie yeye, hata ukikuuma, kwa sababu aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka hapati nafuu kwa kuamuliwa na mtu mwingine.

Swali: Watoto huwa wamelala anaponipiga. Wanaathirika?

Jibu: Ndiyo, wengi huwa macho, wakinyamaza kwa woga. Mtoto anayeanza kukojoa kitandani au kushuka ghafla darasani aulizwe kwa upole. Simu 116 hupokea habari za watoto bila malipo.

Swali: Wazee wa ukoo wanataka kutuketisha pamoja tusuluhishwe. Nikubali? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ikiwa bado unamwogopa, ushauri wangu ni hapana. Mwanamke hawezi kusema yote mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani usiku huohuo, na kikao cha namna hiyo humwacha akijilaumu zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata mila ikiruhusu. Kwa hiyo hapa hakuna makosa ya kugawana. Waeleze wazee wanaokutakia mema kwamba msaada wao utafaa zaidi wakikupa mahali pa kulala na mtu wa kukusindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.