Mshahara wa mwezi haufuti ovataimu

Nilipokuwa karani wa stoo kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere, kutoka saa mbili usiku kulikuwa jambo la kawaida. Mwisho wa mwezi, wakati wa kuhesabu mali, hata saa nne. Nilipouliza malipo, bosi alinijibu: "Dada, wewe una mshahara wa mwezi. Ovataimu ni ya vibarua." Nikaamini, na nikaendelea kuamini miaka minne.

Si kweli hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika huku Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Zinazozidi ni za makubaliano, na kila moja hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Sikukuu ni mara mbili. Wanaoachwa nje ni mameneja wanaosimamia wafanyakazi na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Karani simo.

Piga hesabu yako: mshahara wa msingi, bila posho, gawa kwa 4.333, kisha gawa kwa saa zako za wiki. Mwenye 780,000 anayefanya saa 45 anapata kama 4,000 kwa saa, kwa hiyo ovataimu ni 6,000. Saa 20 kwa mwezi ni 120,000. Nilipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi nililia.

Kilichonisaidia ni kitabu cha getini. Mlinzi alitusainisha kila tukitoka: jina, saa, sahihi. Nikawa naupiga picha ule ukurasa kwa simu, na kwenye daftari naandika nani kaniagiza nibaki na kwa kazi gani. Tulipofika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwakilishi wa kampuni alisema sijawahi kubaki baada ya saa za kazi. Nikamsogezea simu. Akazipitia picha moja moja, kimya, kisha akaomba tuzungumze. Tukamalizana kwenye usuluhishi.

Lakini nililipwa ya karibuni tu. Madai ya namna hii hufunguliwa ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi ni 30. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa sababu nzito, na "nilimwogopa bosi" haikutosha. Miaka yangu ya nyuma imepotea hivyo.

Basi leo ukitoka, kabla hujapanda daladala, andika saa.