Bodi Imebonyea: Ushike Msasa Mwenyewe au Umwite Fundi?

Jana usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Mbagala. Bajaji imembonyeza mlango wa nyuma wa Toyota IST yake, na fundi amemtajia laki mbili na nusu kunyoosha na kupiga rangi. Ameniandikia: "Kaka, wewe bampa lako ulilitengeneza mwenyewe. Nikinunua puti ya kujazia, msasa na rangi ya kopo, kitanishinda nini?"

Nimeikuza picha nikaitazama vizuri. Ndugu yangu, huo mlango mpe fundi.

Habari ya bampa ni kweli, tena naisema kifua mbele. Mtu alirudi nyuma bila kutazama kwenye maegesho pale Mwenge akaniingia kona ya mbele, bampa likazama ndani kama sufuria iliyodondoshwa sakafuni. Fundi niliyemwonyesha alitaka tuling'oe anitafutie la mtumba Shaurimoyo. Nikasema hapana. Nilichemsha maji yakatokota, nikayamimina polepole pale palipozama, nikavaa glavu nene nikapitisha mkono kwa nyuma na kusukuma. Likaruka nje kwa mlio! Nikamwagia maji baridi papo hapo lishike umbo. Majirani waliokuwa wamekaa barazani walinyamaza wote, na mpaka leo ninapopita wananiuliza magari yao.

Lakini sikufanya mwujiza. Bampa za magari mengi tunayoendesha ni plastiki ya polipropilini, na plastiki hiyo ikipata joto hulainika na kutaka kurudi ilivyotoka kiwandani. Ikishapasuka au vishikizo vyake vikivunjika, maji ya moto hayasaidii kitu.

Baada ya hapo ilibaki mikwaruzo. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo kwa kukata. Usipokwama, jeraha liko kwenye klia tu, yaani ile safu ya juu inayong'aa, na msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, na polishi vitaufuta. Ukucha ukizama, au ukiona praima, yaani rangi ya msingi iliyo chini, hapo unahitaji rangi. Mimi nilibahatika kwa sababu gari langu ni jeupe la 040, nyeupe ya kawaida isiyo na chembe za kumetameta. Namba hiyo ya rangi, kwa Toyota, utaiona kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR. Ukisoma 070, hiyo ni nyeupe ya lulu. Inapigwa rangi ya chini, halafu lulu, halafu klia, na anayeipatia kwa kopo simjui. Rangi ya fedha inayometameta kama ya gari la huyu ndugu nayo ni ngumu, kwa sababu chembe zake hulala kulingana na umbali na nguvu ya mpulizo. Mkono ukiyumba kidogo unapata mawingu mawingu mlango mzima.

Halafu gari letu la Dar limekaa juani miaka. Hata ukichanganyiwa rangi kwa namba sahihi, hiyo ni rangi ya gari jipya, na lako limeshapauka. Fundi mzuri huififisha rangi mpya hadi kwenye paneli ya jirani ili jicho lisione mpaka, na kazi hiyo ndiyo unayoilipia.

Kilichonifanya nimkataze, hata hivyo, ni chuma. Mlango wake umepigwa kwenye ule mkunjo unaopita katikati ya bodi. Chuma kikipigwa kwenye mkunjo huvutika, kikawa kirefu kuliko kilivyokuwa, na ukikisukuma tu kutoka ndani kitatoka na mawimbi. Kinahitaji nyundo upande mmoja na chuma cha kuegemeza upande wa pili, na mkono uliozoea kukisikiliza. Asiye na mkono huo hufunika shimo kwa puti. Puti ni ya kusawazisha, mafundi makini hawapendi izidi milimita 3 hivi.

Hapa naomba nizungumze kwa uchungu. Gari langu lililotangulia lilipigwa fenda nikalipeleka kwenye gereji moja inayosifiwa sana mjini hapa. Nililipa nilichoambiwa, sikupunguziwa hata senti. Walijaza puti nene juu ya kutu, wakaisugua kwa msasa wa maji, jioni ile ile wakapiga rangi. Siku ya kulichukua liling'aa, nikawashukuru. Masika yalipopita, vikatokea vipele, kisha ufa, kisha kipande kikadondoka barabarani na kutu ikanitazama. Puti hunyonya maji. Ukiisugua kwa maji bila kuipa muda wa kukauka kabisa, umeyafungia maji hayo juu ya chuma, na hewa yetu ya chumvi inamalizia. Niliporudi waliniambia ni uzembe wangu wa kuosha gari. Maneno hayo bado yananiuma, na gari nililiuza kwa hasara.

Kwa hiyo usidhani kumpa fundi ni kutupa funguo na kwenda kunywa chai. Hata ukilipa, lazima ujue. Vijana tunahangaika kununua gari kwa mkopo, kisha tunaona aibu kumuuliza fundi swali! Uliza. Chuma kikishanyooshwa, kabla ya puti, nenda ukakione kwa macho au akutumie picha. Msimamie akoroge puti na hadina, yaani dawa ya kuikausha, kwa kipimo, karibu 2 kwa 100 kwa uzito, maana wengi huzidisha hadina ili kazi iishe upesi. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali inapokataa kushika kwenye chuma, kuna puti ya kutisha.

Kuna kazi ambazo hata ukiwa hodari kuliko mimi usiziguse. Kama kipigo ni cha mbele, tazama nafasi kati ya boneti na fenda. Ikiwa upande mmoja unaingiza kidole na mwingine hauingizi, au usukani unavuta, au tairi linalika upande mmoja, basi huenda tatizo limefika kwenye chesesi, yaani mifupa ya gari. Vihisio vya mifuko ya hewa viko huko huko mbele. Hapo tunazungumzia uhai wa mkeo na watoto wanaokaa humo, na urembo wa gari hauna nafasi.

Na mapafu yako pia. Klia na rangi za kuchanganya na hadina zina aisosayaneti, sumu inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Usipulizie rangi hizo kwenye kibaraza wanachochezea watoto.

Kabla ya yote hayo, uliza bima. Ukiwa na bima kubwa, usishike hata msasa mpaka mkadiriaji alione gari. Ukilinganisha kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe na bei ya fundi, utaona kama kudai kunalipa. Na aliyekugonga naye ana bima yake, mfuatilie, usimwonee haya.

Malipo ya fundi yagawe. Toa ya vifaa mwanzoni, nyingine chuma kikishaonekana kimenyooka, na ya mwisho baada ya kulitazama gari lililokauka mchana kweupe, ukiinamia ubavuni usawa wa bodi na kuangalia kama mstari wa jua unapita bila kuvunjika.