"Polisi wa kijeshi" ni polisi gani?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu polisi wa Marekani wanaopewa silaha na magari ya jeshi. Nimeandika "polisi wa kijeshi", lakini mwenzangu ananikosoa. Je, "ujeshishaji wa polisi" unafaa zaidi?

JIBU: Mwenzako amesema kweli. Wasomaji wengi wakikuta "polisi wa kijeshi" huelewa askari wanaosimamia nidhamu ndani ya jeshi lenyewe, ilhali wewe unawazungumzia polisi wa kiraia walioanza kufanana na wanajeshi.

"Ujeshishaji" hauna kasoro ya kimaumbile, kwani umeundwa kama "binafsi" ilivyozaa "binafsisha" na "ubinafsishaji". Kasoro yake ni ya maana. Nchini Tanzania jina rasmi la chombo cha polisi ni Jeshi la Polisi, na hata wazima moto wana jeshi lao, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Msomaji wa huko akiambiwa kwamba polisi wamejeshishwa, atauliza walikuwa nini hapo kabla. Ndiyo maana mimi hupendelea "kivita". Gwaride, saluti na vyeo ni mambo ya kijeshi ambayo polisi wa nchi nyingi wanayo tangu zamani. Kinacholalamikiwa ni zana na mbinu za kivita kuingizwa katika kazi ya kulinda raia. Hata hivyo, usilitumie neno hilo kiholela: mpango wa Marekani unaoitwa 1033, kwa namba ya kifungu cha sheria iliyopitishwa mwaka 1996, huwagawia polisi bunduki na magari ya deraya, lakini pia nguo na samani za ofisi, na hizo ni "mali za ziada za jeshi" tu.

Uangalifu zaidi unahitajika katika maelezo ya picha. Picha za maandamano ya Agosti 2014 mjini Ferguson, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, zinaonyesha polisi wenye magwanda ya madoadoa, mmoja amelenga bunduki akiwa juu ya gari la deraya. Ukiliita gari hilo "kifaru" umeongeza chumvi, kwa kuwa kifaru kina mzinga na hutembea kwa minyororo, na gari lile lina magurudumu. Ukiandika "askari" pekee, neno ambalo kwetu ni la polisi na la mwanajeshi pia, msomaji atadhani jeshi ndilo lililoingia mtaani. Andika "askari polisi juu ya gari la deraya".