Mke wangu ananizidi kipato: je, mimi bado ni kichwa cha nyumba?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mkazi wa Tabata na baba wa watoto watatu. Kampuni niliyoifanyia kazi ya uhasibu ilipunguza wafanyakazi, na tangu hapo tunategemea zaidi duka la vitenge la mke wangu lililopo Kariakoo. Yeye hutoka saa kumi na moja alfajiri, nami huwaogesha watoto, hupika na kufua, huku nikiwafungia mahesabu wafanyabiashara wachache wa mtaani. Mama yangu alipokuja kutoka Moshi alinikuta nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, akalia. Rafiki zangu wanasema nimelishwa limbwata. Mzee mmoja wa kanisa amenishauri nimwamuru mke wangu anikabidhi mauzo ya kila siku, na kiwanja anachotaka tununue Chanika kwa fedha za kikoba kiandikwe jina langu peke yangu, kwa kuwa mume ni kichwa na mke ni msaidizi. Je, nikikataa ushauri huo nitakuwa nimelikosea Neno la Mungu?

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, hutalikosea. Nakuomba ufungue Waefeso sura ya 5, lakini uanzie mstari wa 21, si wa 22 ambao wengi wetu tumezoea kuanzia. Mstari wa 21 unawataka waamini wote wanyenyekeane katika kumcha Kristo. Katika nakala za kale zaidi za Kigiriki, mstari wa 22 unaowahusu wake hauna kitenzi chake wenyewe. Unakiazima kutoka mstari uliotangulia, kwa hiyo utii wa mke ni sehemu ya unyenyekevu ule ule uliokwisha kuagizwa kwa wote. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1988 kuhusu hadhi ya mwanamke, aliufafanua utii huo kuwa ni wa pande zote mbili, na wapo walimu wengi wa Kiprotestanti wanaoufundisha hivyo.

Paulo aliandika katika dola ya Kirumi, ambako sheria ilimpa baba wa nyumba mamlaka makubwa mno juu ya watoto na watumwa wake. Wanaume wa Efeso hawakuhitaji mtume wa kuwafundisha kutawala. Walichokuwa hawajakisikia ni agizo la mstari wa 25, kwamba mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kichwa anayetajwa pale ndiye yule ambaye, katika Yohana 13, alivua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni na kuwaosha wanafunzi wake miguu, kazi iliyokuwa ya mtumwa. Sioni jinsi mtu anayemfuata Bwana huyo anavyoweza kuaibika kwa kuwaogesha watoto wake mwenyewe.

Kuhusu neno msaidizi katika Mwanzo 2:18, neno lile lile la Kiebrania latumika katika Zaburi 33:20 kumhusu Mungu, aliye msaada wetu na ngao yetu. Kwa hiyo lenyewe halimshushi mtu kuwa chini ya mwingine.

Sasa tuje kwenye fedha. Mtu yeyote anayelijua soko la Kariakoo anajua kwamba mauzo si faida, na kwamba mfanyabiashara anayenyang'anywa mauzo kila jioni hukata mtaji kabla mwaka haujaisha. Wewe ni mhasibu: keti na mke wako mbele ya daftari moja, mpange pamoja karo, mzigo mpya na marejesho ya kikoba. Mwanamke anayesifiwa katika Mithali 31 huangalia shamba na kulinunua, na 1 Petro 3:7 inawaita mke na mume warithi pamoja, tena inamwonya mume asiyempa mkewe heshima kwamba maombi yake yatazuiliwa. Onyo hilo ni zito, nami sijui kwa nini tunalisoma mara chache sana kwenye ibada za ndoa.

Kiwanja kiandikwe majina yenu yote mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki mali, na mali iliyoandikwa majina ya mume na mke huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Shauri lile lilimhusu mke, lakini hoja yake yaweza kukutuliza hata wewe unayedhani kwamba siku hizi huchangii kitu.

Jambo moja linanisumbua. Umeandika anachosema mama, wanachosema rafiki, anachosema mzee wa kanisa, lakini hukuandika anachosema mke wako. Muulize leo.

Hilo neno limbwata nalo lisikupite kama utani wa kijiweni, kwa maana anayetuhumiwa uchawi hapo ni mke wako, na kila unapocheka pamoja nao unamwacha peke yake mbele ya washtaki wake. Wakanye waziwazi. Na Desemba mtakapopanda kwenda Moshi, mkalishe mama faraghani, umweleze mwenyewe, kwa upole na bila kumhubiria, kwamba uliingia jikoni kwa hiari yako na utaendelea kuingia, ili lawama isimsubiri mke wako jikoni kwa mkwewe wala mezani.