Usiizibe Pua: Mwaka Wangu wa Utafiti wa Muziki na Teknolojia Dar

Rekodi ya kwanza niliyojivunia mwaka jana niliiharibu mwenyewe, tena kwa bidii. Nilikuwa nimemrekodi mzee mmoja Mgogo anayeishi Tabata, mpigaji wa ilimba, ile marimba ya mkono inayopigwa kwa vidole gumba. Niliporudi nyumbani nikafungua kompyuta, nikasikia ndani ya kila noti mvumo kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikaona ni kelele. Nikashinda usiku mzima nakata masafa ya juu kidogo kidogo, mpaka sauti ikabaki laini kama kengele.

Wiki iliyofuata nikampelekea asikilize. Alisikiliza kama nusu dakika, akavua hedifoni, akaisogeza ilimba karibu na uso wangu. Kwenye ubao kulikuwa na katundu kadogo kamezibwa kwa utando mweupe wa buibui, mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Akapiga ulimi mmoja wa chuma, utando ukatetemeka, mvumo ukatoka. "Hapa ndipo inapopumulia, mwanangu. Wewe umeiziba pua."

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kurekodi na kupima ala za asili mwaka huu, mwenye gitaa na mwenye leptopu, nawaandikia kwa sababu kosa lile nililirudia kwa sura nyingine tena na tena. Programu tunazotumia zimekuja na majibu yake tayari: noti ni nini, kelele ni nini, mdundo unaanzia wapi. Ukizifungua na kuziamini hivyo hivyo, utapata majedwali mazuri ya kitu ambacho hakipo.

Tuanze na upimaji wa noti, maana hapo ndipo miezi yangu mingi ilipotelea. Oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi pale inapojirudia juu, hugawanywa vipande vidogo 1200 vinavyoitwa senti, na kinanda kimezipanga kwa hatua 12 za senti 100 kila moja. Programu yangu ya kupimia ilikuwa imeshikilia mpangilio huo, pamoja na ile noti A ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, iliyokubaliwa kwenye mkutano London mwaka 1939. Kila nilipopima ilimba ya mzee, ulimi mmoja ulionyesha rangi nyekundu: uko chini kwa karibu senti 30. Nikaandika kwenye daftari kwamba ala imelegea. Nilikuja kuelewa baadaye sana, baada ya kusoma jinsi muziki wa Wagogo unavyofuata hamoniki, yaani zile sauti za juu zinazozaliwa ndani ya sauti moja. Hamoniki ya saba, ukiishusha iingie ndani ya oktava, inakaa senti 969 juu ya noti yake ya msingi. Kinanda kinakupa 1000. Tofauti ni senti 31. Hamoniki ya tano nayo inakaa 386 pale kinanda kinapokupa 400. Ala haikuwa imelegea hata chembe. Ilikuwa imepangwa sauti na mtu mwenye sikio kali kuliko langu, ambaye huusogeza ulimi wa chuma mbele au nyuma kwa unywele mmoja, anasikiliza, anausogeza tena.

Kwa hiyo pima kwa hezi tupu, bila majina ya noti. Tafuta uwiano kati ya ulimi na ulimi, ndipo ugeuze kuwa senti. Na kabla hujapima chochote, mwombe mwenye ala aimbe noti ile kwa mdomo, halafu aipige. Sauti yake ikikutana na chuma, una ushahidi kwamba ndivyo anavyotaka iwe. Zikiachana, muulize. Swali hilo moja lilinipa maarifa ambayo sikuyakuta kwenye makala yoyote niliyosoma.

Ngoma zina jambo lake. Nilirekodi ngoma ile ile mara mbili, Februari na Aprili, na vipimo vikatofautiana kiasi kwamba nikadhani nimechanganya mafaili. Aprili ni masika, hewa ya Dar imejaa maji, na ngozi inalegea. Mpigaji alikoka moto wa makuti, akaiotesha ngoma, sauti ikapanda. Nilikuwa nimekaa pembeni nafunga stendi ya maiki, nikaona moto ule ni maandalizi tu, sikuuandika. Andika. Imeoteshwa saa ngapi, imepigwa dakika ngapi baada ya hapo, mvua ilikuwa inanyesha au la.

Upande wa ubunifu nilitaka sauti za ilimba ziingie kwenye singeli, kwa ridhaa ya mzee, ambaye aliniambia wajukuu zake hawasikilizi kingine. Nikaenda Mburahati kwa prodyuza mmoja kijana. Singeli, kama huijui, ni muziki wa mitaa ya Dar unaokwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Nilipoipitisha kwenye librosa, zana ya kompyuta ya kuchambua muziki, ikaniletea nusu ya mwendo, kwa kuwa usipoiambia vinginevyo huanza kutafuta karibu na mapigo 120. Nikamwonyesha yule kijana: hii ni 110. Akaangalia kioo, akaanza kupiga mguu chini, akaniambia, "Kaka, huo mwendo ni wa mtu anayerudi kutoka msibani." Nikarekebisha, ikatoka 220. Fanyeni hivyo hivyo: kabla ya kuamini namba, mwite mtu anayeicheza ngoma hiyo asimame, utazame miguu yake.

Hapo hapo nikakutana na tatizo la kuchelewa kwa sauti. Nilikuwa nimetengeneza kwenye Pure Data, programu ya kuundia sauti, ala ya kupiga kwa vidole yenye vipande vya rekodi za ilimba, na nyumbani ilikwenda vizuri. Kwenye mapigo 220 ikawa inaburuta. Hesabu yake ni hii: kompyuta hukusanya kwanza fungu la vipimo vya sauti (vipimo huitwa sampuli, fungu huitwa bafa) ndipo iitoe; bafa ya sampuli 512, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, inakula karibu milisekunde 12 kabla hujagusa kadi ya sauti. Kwa mwendo huo, robo ya pigo moja ina milisekunde 68 tu. Ukiishusha bafa hadi 128 unabaki na kama 3, ila leptopu kongwe itaanza kukwaruza. Niliishia 256, nikafunga kila programu nyingine pamoja na intaneti, ikakaa sawa.

Mengine nitayasema haraka. Rekodi alfajiri, baada ya adhana na kabla bodaboda hazijaamka. Saa 12 kasorobo hadi saa 1 ndio muda wangu, na zima feni na friji. Nenda na betri, umeme ukikatika kazi iendelee. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Saa moja ya stirio itakula takriban gigabaiti moja, basi jipange na hifadhi. Weka nakala tatu, moja isikae nyumba moja na nyingine. Faili lipe jina siku hiyo hiyo kabla hujalala: tarehe, mahali, ala, mpigaji. Mimi nina mafaili 40 yanayoitwa "Sauti mpya" na nyuma ya kila moja kuna mtu aliyetoa asubuhi yake, na siwezi tena kumtambua.

Kuhusu malipo na ridhaa msilegee. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, lakini hata kama isingekuwepo, mtu aliyekufundisha kwa miaka aliyoishi hawezi kuondoka na soda. Mweleze kwa Kiswahili cha kawaida sauti yake itakwenda wapi, nani ataisikia, na kama kijana wa Mburahati anaweza kuikatakata. Mlipe siku hiyo. Akikataa jambo moja, liandike na uliheshimu.

Na mrudishieni watu sauti zao, tena mapema. Mimi nilichelewa miezi minne, na nilipokwenda Tabata na flashi, mafaili yangu ya biti 24 hayakusoma kwenye redio ya mzee. Nikarudi kuyageuza kuwa MP3, nikampelekea Jumamosi jioni. Aliichomeka, akaongeza sauti, majirani wakaanza kusogea na viti vyao, mama mmoja akaacha kukaanga mihogo akaja kusimama mlangoni. Katikati ya wimbo wa tatu mzee akazima.

"Huu wa kushoto, wa pili," akasema, "siku ile ulikuwa umesogea. Mjukuu alikuwa ameuchezea. Sikutaka kukusumbua, ulikuwa umeshafunga mitambo yako."

Ulimi huo ulikuwa kwenye kila jedwali nililolitengeneza. Nikamwomba aupange upya mbele yangu. Alichukua kama dakika kumi, anagonga, anasikiliza, anaimba kwa sauti ya chini, anagonga tena, na watu wote pale uani walinyamaza. Alipomaliza nikatoa maiki kwenye begi, nikamwomba mama wa mihogo apunguze moto kidogo, tukarekodi upya tangu mwanzo.