Maswali ya Wasomaji: Sanduku la kikundi chetu cha ngoma

Papa Mwandishi, mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma za asili hapa Himbi. Rais wetu wa zamani ametuachia sanduku la bati: daftari za michango, picha, kaseti. Vijana wanasema tupige picha kwa simu, kisha tutupe vyote. Tufanyeje?
— Mama Katibu, Goma

Mama Katibu, nakusihi, msitupe hata karatasi moja. Simu huibiwa. Hizo daftari wanazoziona takataka ndizo ninazozipenda zaidi, kwani ndimo utajua nani alitoa pesa ya ngozi ya ngoma na nani alijiunga lini. Ondoeni pini za chuma, maana zina kutu, na msigandishe palipochanika kwa selotepu.

Kaseti zikopiwe kwanza, kabla mashine za kuzichezea hazijakosekana kabisa. Yenye ukungu msiicheze. Ziwe mbali na spika kubwa, sumaku yake hufuta sauti.

Picha zipelekeni kwa wazee wiki hii hii: huyu nani, harusi ya nani, nani yuko kwenye ngoma kubwa? Andikeni nyuma kwa penseli laini, si kwa biki. Wakiimba, warekodini.

Halafu, mama, sisi wa Goma tunaijua volkano yetu, Nyiragongo. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Mei 2021 ilifika Buhene, pembezoni mwa mji. Nakala moja ivuke ziwa, ikae Bukavu kwa mwanachama mnayemwamini.